Barua ya Matroni Niliyoshindwa Kuiandika

Uru, mchana, siku moja kabla ya safari yako ya kidato cha tano Iringa

Mwanangu Prisca,

Barua za kwetu huanza kwa kumjulia hali aliye mbali, lakini wewe bado hujawa mbali. Sasa hivi uko sokoni Kiboriloni na baba yako mnatafuta ndoo yenye mfuniko. Ninavyokujua, ya kwanza umeshaikataa, ya pili umeigeuza chini juu kutafuta ufa, na baba yako amesimama pembeni anatazama saa. Kwa hiyo hali yako naijua. Yangu ndiyo nataka kukueleza.

Jana uliniomba kitu kidogo. Ulikuja jikoni nikiwa namenya ndizi, ukasema, "Mama, usisahau kuniandikia ile barua ya matroni. Kwamba kifua changu hakiruhusu mchakamchaka." Ulisema kama mtu anayekumbushia chumvi dukani. Nikakujibu kwamba nitaandika. Leo mlipoondoka tu nikaja huku stoo ya kahawa, nikaketi kwenye dawati lako, nikaandika "Kwa Matroni" na kupiga mstari chini yake kwa rula, maana mwalimu hata akistaafu ni mwalimu. Kisha mkono ukagoma. Nimechana karatasi tatu. Hii ya nne nimeona niandike kwako.

Kuhusu kufunga tranka, kutunza vitambulisho na kutoazima shuka, sitasema neno. Baba yako ameshasema yote na mkifika stendi atayarudia. Mimi nina jambo moja tu, na nimelikalia miaka mingi mno.

Hii stoo leo imenyamaza vibaya. Ubao uko palepale ukutani, ule baba yako alioutengeneza kwa mbao za kreti na kuupaka masizi ya betri za redio, mkapigana wewe na kaka yako Deo nani aanze kuandika. Bado una hesabu yako ya mwisho, ile ya mteremko wa mstari, uliyoiacha nusu siku matokeo ya kidato cha nne yalipotoka na ukakimbilia nje kupiga kelele. Sijaifuta. Kwenye msumari pale mlangoni linaning'inia lile jembe bovu nililokuwa naligonga asubuhi kuwaita darasani, wanafunzi wawili ambao walikuwa wamelala hatua kumi kutoka hapa. Baba yako alikuwa akipita na baiskeli yake kwenda kwenye useremala wake Njoro, anacheka peke yake mpaka anafika barabarani. Nimelishika leo jembe hilo nikalirudisha. Hakuna wa kumgongea tena. Deo aliondoka zamani, na kesho unaondoka wewe. Nasikitika, sikufichi. Lakini hilo si jambo lenyewe.

Wewe unachokijua ni hiki: ulipokuwa darasa la tatu ulikohoa masika nzima, daktari akasema vumbi la chaki na ubaridi wa asubuhi vitakuharibu kifua, nami nikaacha kazi ya ualimu ili nikufundishe nyumbani. Hiyo ndiyo hadithi ya nyumba yetu. Bibi yako amekufa akiiamini. Padri aliwahi kuisimulia kanisani siku ya kipaimara chenu, mfano wa mama anayejitoa. Nikainamisha kichwa, na watu wakadhani ni unyenyekevu.

Si kweli, Prisca. Nalirudia neno nisije nikalifuta: si kweli.

Mwaka ule nilikuwa mwalimu wa darasa lenu. Mtoto wa mwalimu ana taabu yake shuleni. Akifaulu, watu husema mama yake kamwonyesha maswali. Akisamehewa, husema ni upendeleo. Mzazi mmoja alishasema hivyo mbele ya kikao, nami niliumia sana, kwa sababu nilikuwa na kiburi cha haki. Nikajiwekea sheria yangu ambayo hakuna aliyenituma: mwenzako akipata fimbo moja kwa kosa, wewe unapata mbili. Ofisini wenzangu walinisifu. "Huyu mama hachagui," walisema. Na mimi sifa ile niliila kwa raha, nikarudi nayo nyumbani kama mtu aliyebeba nyama.

Siku yenyewe ilikuwa ya jedwali la saba. Watoto wengi walikosa, wakapita mbele mmoja mmoja. Wewe ulikosa saba mara nane tu. Ukanyoosha mkono, nikakupa moja kama wenzako, ukataka kurudi kukaa, nami nikasema mbele ya darasa zima, "Bado." Ukanyoosha tena. Hukulia. Ulisema, "Asante, mwalimu," tulivyokuwa tumewafundisha kusema, ukaenda kukaa.

Jioni ile nilikuwa uani nachambua maharage ya kuchanganya na ndizi za kiburu. Ukatoka ndani, ukasimama mbele yangu umeweka mikono nyuma.

"Mwalimu, naomba ruhusa niende chooni."

Nilidhani unanitania, nikacheka. Wewe hukucheka.

"Prisca, hapa ni nyumbani. Mimi ni mama."

Hukunitazama usoni. Ulitazama mikono yangu, iliyokuwa ndani ya ungo.

"Ndiyo, mwalimu," ukasema.

Uliniita hivyo wiki mbili. Asubuhi ukiamka, shikamoo mwalimu. Mezani ukitaka uongezewe, naomba mwalimu. Hukuwa na hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililonitia hofu. Ulikuwa umejifunza somo, na aliyekufundisha ni mimi. Nilikuwa nikiingia chumbani umelala nakuangalia kile kiganja, nalia. Baba yako akiuliza nasema kichwa kinaniuma.

Kikohozi kilikuja baadaye. Kilikuwa kikohozi cha kawaida cha masika, nusu ya darasa mlikuwa nacho. Nikakupeleka zahanati. Yule daktari alikusikiliza mgongoni akasema, "Kifua kisafi. Jumatatu arudi shule." Nikamuuliza, "Vumbi la chaki je? Na huu ubaridi wa kwetu?" Akasema labda, kama darasa lina vumbi sana. Labda, Prisca. Nilitoka na hiyo labda mkononi, na kabla hatujafika nyumbani ilikuwa imeshageuka kuwa amri ya daktari. Kwa sababu nilikuwa nimeshaamua kwamba sitashika fimbo tena, na sikuwa na ujasiri wa kueleza ni kwa nini. Mwalimu mkuu angeniuliza. Wenzangu wangenicheka, walimu wangapi hawakuchapa watoto wao? Ila mtoto akiumwa, hakuna anayeuliza swali la pili.

Nikaacha kazi. Ili hadithi isimame vizuri nikamtoa na Deo, nikisema siwezi kufundisha mmoja na kumwacha mwingine. Mtendaji wa kijiji alikuja mara mbili kuuliza watoto wako wapi. Nilimwonyesha madaftari yenu, nikamwekea mtori, nikamtajia kifua chako. Akaandika kwenye kitabu chake akaenda. Kila aliyeuliza nilimpa kifua chako. Kilinifaa sana kifua hicho.

Nami nilifundisha vizuri. Siombi radhi kwa hilo. Fimbo haikuingia humu stooni hata siku moja. Neno "mwalimu" nililipiga marufuku. Hata mbele ya ubao mliniita mama. Mlijifunza sehemu kwa kugawa mikungu ya ndizi, mkajifunza Kiingereza kwa kusoma maelezo ya dawa ya kahawa, na msimu wa mavuno magunia yakijaa humu tulihamia barazani tukasomea huko na kuku. Ulipokwenda mjini kufanya mtihani wa maarifa, ule wa wasiopitia shuleni, ukakaa chumba kimoja na watu wazima, dereva wa bodaboda, mama wa watoto wanne, na ulipomaliza swali la kwanza ukasimama mbele ya yule msimamizi mwenye ndevu ukasema, "Mama, nimemaliza la kwanza." Ulivyotusimulia, chumba kizima kilicheka, na yeye alikuambia kwa upole, "Kaa, mwanangu, endelea na la pili." Tulicheka usiku ule mpaka baba yako akapaliwa na chai. Mimi baadaye nikawaza. Mtoto wa miaka kumi na sita hakujua kwamba mtu anaweza kumaliza swali na kwenda kwenye linalofuata bila mama yake kuliona.

Hayo ndiyo niliyokunyima. Kaka yako naye nilimnyima yake. Krismasi iliyopita, watu wamejaa nyumbani, wewe ukiwa kwa shangazi, Deo alikaa na mimi jikoni akanisaidia kukoroga chungu. Nikamuuliza kama alinichukia kwa kumtoa shule. Aliendelea kukoroga. "Kuchukia hapana, mama. Ila nilikuwa golikipa. Ijumaa ile tulikuwa tucheze na wale wa shule ya chini, nikatolewa Jumatano." Miaka yote hiyo anakumbuka ni Jumatano. Sikuwa nimejua hata kama kulikuwa na mechi.

Sasa nikuambie la mfongo, ule mfereji wetu wa kumwagilia, maana hilo ndilo linaloniaibisha zaidi ya fimbo. Ulikuwa na miaka kumi na minne. Ilikuwa zamu yetu ya maji, jua kali, migomba imelegea, na maji kwenye mfereji yakakatika ghafla. Baba yako yuko kazini, Deo ameshahamia mjini. Nilikuwa naangalia huku na huku nani wa kumtuma kule juu kwenye tundu la mfongo, maji yanapofunguliwa, nikageuka, haupo. Ulikuwa umeshapanda. Ule mwinuko watu wazima hupumzika mara mbili. Baada ya muda nikasikia maji yanakuja, na nyuma ya maji unakuja wewe, unateremka mbio pembeni ya mfereji, miguu tope hadi magotini, unacheka.

"Mama, walikuwa wameziba kwa majani! Nimeyatoa! Yanakuja!"

Ulihema anavyohema mtu yeyote aliyekimbia. Kifua chako kilikuwa kinapanda na kushuka, kizima kabisa, na mimi nilikiona. Pale pale ndipo nilipopaswa kukuambia. Badala yake nilisema, "Kaa chini. Umesahau kifua chako?"

Kicheko kikakatika. Ukaketi kwenye jiwe, ukaweka mkono kifuani, ukakohoa. Ulikohoa kwa utii, mwanangu. Nikakuletea chai ya tangawizi na sweta, kwenye jua lile, ukanywa na ukasema asante. Tangu siku hiyo sikukuona ukikimbia tena mpaka siku ya matokeo, na siku hiyo nayo uliposimama tu ulishika kifua ukanitazama.

Utaniuliza kwa nini niliendelea. Mwanzoni ilikuwa aibu. Baadaye, na hili nimelijua juzi juzi tu, ilikuwa kwamba nilipenda uwepo wako. Mtoto mgonjwa haendi mbali. Nilizoea kukusikia unasoma kwa sauti nikiwa natia majani kwa ng'ombe. Baba yako alijua, si la fimbo, ila la kifua alilijua. Aliniambia wazi, "Mama Deo, huyu mtoto haumwi. Utamwambia lini?" Nikamjibu, akikua. Na kila mwaka nilikupima kwa macho nikaona bado.

Kilichonivunja ni fomu ya afya ya shule. Yule daktari wa mjini alikuuliza kama una ugonjwa wowote, ukajibu haraka, "Kifua." Akakusikiliza mbele, akakusikiliza nyuma, akakuambia uvute pumzi mara nyingi kuliko kawaida, akaandika kwamba u mzima. Tulipotoka nje ukaninong'oneza, "Hajasikiliza vizuri." Ulimwamini mama yako kuliko daktari mwenye kipimo masikioni. Nilitembea na wewe mpaka kituoni, nikakulipia nauli badala ya kukuambia kweli. Nilijichukia siku ile, na sijamaliza kujichukia.

Basi hii ndiyo kweli, uende nayo Iringa kunakosemekana ni baridi kuliko kwetu. Kifua chako hakijawahi kuwa kigonjwa. Ulikohoa masika moja ukiwa mtoto, kama watoto. Hukutolewa shule kwa sababu ulikuwa dhaifu. Ulitolewa kwa sababu mama yako alikuwa dhaifu, alishindwa kusimama mbele ya mtoto wa miaka minane akasema, nimekosea, nisamehe. Maneno mawili tu. Badala yake nikajenga shule nzima ili nisiyaseme.

Sina mafundisho ya kukupa juu ya hapo. Labda moja, nalo nalijua kwa sababu limeniumiza: ukiwa na sababu mbili za jambo ulilofanya, moja inayopendeza masikioni na nyingine unayoiona haya, watu watakuomba ile ya kwanza. Wape ukitaka. Lakini yule uliyemkosea mpe ya pili, na umpe mapema, kabla hajaizoea ile ya kwanza akaivaa.

Ulikulia kwenye kihamba hiki cha migomba ya ukoo, mila unazijua. Mtu aliyekosea sana hukata jani la isale, akalifunga fundo, akalipeleka kwa aliyemkosea, na anayeletewa isale hakatai kusamehe. Nimelisogelea lile la mpakani asubuhi ya leo, kisu mkononi. Nikarudi bila kulikata. Wewe umekwisha kunitii vya kutosha. Sitaki unisamehe kwa sababu mila inakubana. Ukitaka kukasirika, kasirika. Ukitaka kupanda basi kesho bila kuniaga, nitasimama tu pale stendi nishike ile ndoo. Nakupenda, na hilo halitegemei utakachoamua.

Barua hii ningeweza kuiweka tranka, chini ya sweta, uisome ukiwa umeshafika. Nilifikiri hivyo, nikaona ndiyo tabia yangu ile ile. Nitakupa mkononi mkirudi. Baba yako nimemwachia chakula jikoni, atajua kukaa kimya, kazi hiyo anaiweza.

Mimi sitakuwepo hapa ukisoma. Leo saa kumi na moja ni zamu yetu ya maji, kwa hiyo nitakuwa kule juu kwenye tundu la mfongo. Nitafungua maji, kisha nitakaa kwenye nyasi nikusubiri mpaka giza liingie. Una mengi ya kuniambia, hata ya kunigombeza, na huko juu hakuna wa kutusikia. Ukiamua kutokuja, nitashuka mwenyewe, na hatutazungumza mpaka utakapotaka wewe.

Lakini ukija, Prisca, sweta liache nyumbani. Na ule mwinuko usiupande kwa kutembea. Njoo mbio, mwanangu, nikusikie unavyohema.

Mama yako